Gobori, Gumegume na Fataki: Majina ya Silaha ya Kale

Katika nchi za magharibi ya Ziwa Viktoria, kuanzia Karagwe hadi Kimwani iliyoko Muleba, historia ya bunduki imefungamana na misafara ya karne ya 19. Njia ya kutoka Tabora ilipitia Usui hadi Karagwe, ambako Speke alipokewa na Mtawala Rumanyika mwaka 1861. Bunduki nyingi za zama hizo zilishindiliwa baruti na risasi kwa mdomo wa mtutu. Zilizosalia huitwa gobori. Jina hilo ni sahihi, lakini kwetu sisi halitoshi.

Gobori hueleza namna ya kushindilia, wala halielezi namna ya kuwasha. Kwa hilo lugha yetu ina maneno mengine. Gumegume huwashwa kwa cheche za jiwe. Bunduki ya fataki huwashwa kwa kikombe kidogo cha shaba chenye dawa ya kulipuka, kinachovikwa juu ya kifa na kugongwa na nyundo. Asili ya njia hii ni uvumbuzi wa kasisi wa Uskoti, Alexander Forsyth, aliyepata hataza mwaka 1807. Jambo la tatu ni mtutu: je, ndani ni laini, au una mifereji ya kuizungusha risasi?

Tofauti hizi zilikuwa na uzito wa kisheria. Mkataba wa Brussels wa 1890 ulizuia silaha bora kuingizwa katika sehemu kubwa ya Afrika, lakini uliruhusu, kwa masharti, gumegume zisizo na mifereji.

Kwa hiyo anayeikarabati silaha ya namna hii aanze kwa kuitambua. Kwanza atumbukize mdeki mtutuni, aulinganishe urefu wake na mtutu kwa nje, ajue kama baruti imebaki ndani. Kisha atazame bamba la mtambo: matundu ya skrubu yaliyozibwa huonyesha kwamba gumegume iligeuzwa kuwa ya fataki. Asisugue kutu kwa msasa, kwani alama zikifutika, ushahidi umepotea. Wala neno "Tower" pekee lisimtosheleze, maana lilipigwa pia kwenye bunduki za biashara za Ubelgiji.

Tunapendekeza basi kila lebo ya makumbusho itaje mambo matatu: ushindiliaji, uwashaji na mtutu. Maneno tunayo, kilichobaki ni kuyatumia kwa uangalifu.