Nyumba ya Mvuvi kule Kafarnaumu

Afikaye Nchi Takatifu hutazamia kuona majengo makubwa. Sisi nasi tulitazamia hivyo tulipofika Kafarnaumu, kando ya ziwa la Galilaya, pamoja na wahiji wenzetu. Kwanza tuliona sinagogi la mawe meupe, zuri sana. Lakini padri aliyetuongoza alisema kwamba jengo hilo ni la karne ya 4 au ya 5. Basi si lile ambamo Bwana wetu Yezu Kristu alifundisha. Chini yake zimeonekana kuta za mawe meusi, za zamani zaidi.

Hatua chache toka hapo akatuonyesha kuta nyingine nyeusi, fupi, zisizo na uzuri. Akasema: «Hii ndiyo nyumba ya Petro.» Mwenzetu mmoja akanong'ona: «Nani ajuaye? Petro hakuandika jina lake mlangoni.»

Padri alisikia, wala hakukasirika. Alitueleza kwamba Wafransisko walinunua mahali hapo mwaka 1894, na kwamba tangu mwaka 1968 Padri Virgilio Corbo na Padri Stanislao Loffreda walichimba huko. Juu walikuta misingi ya kanisa lenye pande nane, la karne ya 5. Chini ya kanisa walikuta chumba cha nyumba ya watu wa kawaida, na humo ndoana za kuvulia samaki. Sakafu ya chumba hicho ilipakwa chokaa mara nyingi, na ukutani wahiji wa kale walichora sala na jina la Yezu, wengi kwa Kigiriki. Tena Egeria, mwanamke mhiji wa karne ya 4, alishuhudia kwamba nyumba ya Petro imefanywa kanisa.

Mambo haya hayamshurutishi mtu kuamini. Lakini yaonyesha kwamba Wakristu walishika ukumbusho wa mahali hapo, baba akimwachia mwana.

Tena padri alituambia kwamba kuta zile zilijengwa bila chokaa, hazikuweza kubeba dari nzito. Dari lilikuwa la matawi na udongo. Hapo tulikumbuka Injili ya Mtakatifu Marko, sura ya 2: watu wanne walitoboa dari na kumshusha mgonjwa wa kupooza mbele ya Yezu. Sisi tuliokulia katika nyumba za miti na udongo tulielewa upesi.

Kabla ya mwaka 313, Kaisari Konstantino alipowapa Wakristu uhuru wa dini, waamini walikusanyika zaidi katika nyumba za namna hii. Basi, ndugu, tusione haya kwa kanisa letu dogo la udongo kule kijijini. Bwana aliingia nyumbani mwa mvuvi kabla ya kujengewa kanisa lolote. Yatupasa kuuliza neno moja tu: je, wagonjwa wetu wanao watu wanne wa kuwabeba?