Kubeba, Kurusha, Kutua

Manowari ya kubeba ndege: ndilo jina lililozoeleka magazetini na redioni. Si jina la uongo, ila limetaja kazi iliyo nyepesi. Kubeba, hata jahazi la karafuu la Wete hubeba. Kazi nzito ni kuirusha ndege kutoka sitahani na kuipokea irudipo, na maneno ya kuielezea wanayo mabaharia wa Pemba tangu zamani.

Tuanze na upepo. Nahodha anayetoka Mkoani kwenda Unguja wakati wa kusi hukutana na upepo wa mbisho, akalazimika kubisha huku na huku. Manowari ya ndege huutafuta upepo huohuo. Huelekeza omo joshini na kuongeza mwendo, ili mbawa zipate nguvu ya kuinua. Kombeo la mvuke huimalizia ndege mbio zake, na ikirudi hunaswa kwa waya. Meli ikiwa ndogo, nafasi ya mambo yote hayo huwa finyu.

HMS Centaur, ya tani 22,000 hivi, ilikuwa moja ya meli hizo. Askari wa Tanganyika walipoasi Januari 1964, Uingereza iliombwa msaada, na Centaur ikaja kutoka Aden. Alfajiri ya tarehe 25, helikopta za Wessex na Belvedere ziliwashusha makomando kwenye kambi ya Colito, ambayo leo ni Lugalo. Kuwashusha hakukuhitaji kombeo wala waya. Udogo wa meli haukuwa kikwazo tena.

Hata hivyo Centaur ilistaafishwa mwaka 1965. Hermes, meli ya kundi lake, iliishi ikazipata ndege za Sea Harrier, ikapigana nazo vita vya Falklands mwaka 1982, kisha ikaitumikia India hadi 2017. Naamini Centaur nayo ingeongezewa umri kama ndege hizo zingewahi.

Lakini tuziiteje? Wengi husema “ndege za kupaa wima”. Sea Harrier iliweza kupaa hivyo, ila kwa kula mafuta mengi na kupunguza silaha. Kwa hiyo Hermes ilijengewa omoni njia iliyoinuka nyuzi 12. Ndege ilipiga mbio fupi, ikaruka. Ikirudi nyepesi, ndipo iliposhuka wima. Kilichoiokoa meli ndogo ni kutua.

Na kutua ni neno letu la chomboni. Tanga hutuliwa, mzigo hutuliwa kichwani. Vyote hushuka papo hapo, bila mbio. Basi napendekeza “ndege za kutua wima”. BAKITA na BAKIZA wanapounda istilahi za baharini, waanzie bandarini Mkoani na Wete, kwa watu wanaozijua kazi zenyewe kwa majina.