Mtafiti na Mwenye Kiwanda: Mikutano ya Uhandisi na Nyanda za Juu Kusini

Nyanda za Juu Kusini zilipokea kazi kubwa za uhandisi kabla ya Mbeya kupata Chuo cha Ufundi. Mwaka 1968 bomba la TAZAMA lilianza kupeleka mafuta Zambia kupitia Iringa na Mbeya. Kati ya 1970 na 1975 ikajengwa reli ya TAZARA, kilomita 1,860, na kazi yake ngumu kuliko zote ilikuwa kupandisha njia kutoka Mlimba hadi Makambako kwa madaraja na mahandaki. Mwaka 1985 kiwanda cha karatasi cha Mgololo, Mufindi, kilianza kazi kikiwa na uwezo wa tani 60,000 kwa mwaka, kikitegemea misitu ya Sao Hill.

Utaalamu wa miradi hiyo ulitoka nje kwa sehemu kubwa. Taifa lilijibu kwa kujenga taasisi zake. Sheria ya kusajili wahandisi ilitungwa mwaka 1968. Kitivo cha Uhandisi kikaanzishwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1973, na wanafunzi wake wakapelekwa viwandani kila mwaka kwa mafunzo kwa vitendo. Chama cha Wahandisi kikafuata mwaka 1975. Mbeya ilipata Chuo cha Ufundi mwaka 1986, kwa msaada wa Umoja wa Kisovieti. Mwaka 2005 kikawa Taasisi ya Sayansi na Teknolojia, na leo ni Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya (MUST).

Hata hivyo, mwanafunzi aliyekwenda kiwandani alikwenda kujifunza. Mhadhiri na meneja wa uzalishaji walihitaji jukwaa la kukutana kama washirika. Hatua muhimu ilipigwa Februari 2004 huko Bagamoyo, Chuo cha Uhandisi na Teknolojia cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipoandaa mkutano wa kikanda kuhusu mifumo ya ubunifu na kongano bunifu, yaani makundi ya wazalishaji wa kazi moja walio eneo moja. Watafiti, maofisa wa serikali na wafanyabiashara walikaa pamoja. Thamani ya mkutano huo ilionekana ulipokwisha: waratibu walifunzwa, na kuanzia 2006 kongano za majaribio zikaundwa, zikiwamo za wafua vyuma wa Morogoro na wakulima wa mwani wa Zanzibar. Mzalishaji mdogo alipata mtaalamu wa kumwendea tatizo linapozuka.

Wakati huohuo Bodi ya Usajili wa Wahandisi ilianza Siku ya Wahandisi mwaka 2003. Siku hiyo huwa na mada za kitaalamu, maonesho, kiapo cha wahandisi na tuzo kwa wahitimu bora. Ni siku ya heshima kwa taaluma, lakini fundi mkuu wa kiwanda cha chai Mufindi ana safari ndefu kuifikia Dar es Salaam au Dodoma.

Mbeya tayari ina desturi ya kujifunzia. Katika maonesho ya kilimo ya Nane Nane, kwenye viwanja vya John Mwakangale, mtafiti wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole husimama kando ya shamba lake la mfano na kuulizwa na mkulima kuhusu mbegu, mbolea na gharama. Utafiti hupimwa hapo hapo na wenye kuutumia. Uhandisi unastahili nafasi kama hiyo.

Kongamano la uhandisi la nyanda hizi lianzie karakanani. Waandaaji wapite kwanza karakana ya TAZARA Mbeya, viwanda vya mbao Mufindi na vya chai, waorodheshe mitambo inayosumbua, kisha watafiti waandike mada kujibu orodha hiyo. Siku moja ya kongamano itumike ndani ya kiwanda, mtambo ukiwa mbele ya wote. Kila tatizo likabidhiwe kwa mhadhiri mmoja na mhandisi mmoja wa kiwanda, na kongamano la mwaka unaofuata lifunguliwe kwa taarifa yao: kipi kimetengenezwa, kipi kimeshindikana na kwa nini. Historia ya Bagamoyo inaonesha kwamba mkutano huzaa matunda pale watu wanapopewa kazi ya kufanya pamoja baada ya kuagana.