Mwongozo wa Sage: Historia ya Kuuandika na Kuutafsiri

Sage ni programu huria ya hisabati. Toleo lake la kwanza lilitolewa Februari 2005 na William Stein, mtaalamu wa nadharia ya namba aliyekuwa Chuo Kikuu cha Harvard nchini Marekani. Siku hizi inaitwa SageMath, na inafanya karibu kila kazi ya hisabati anayokutana nayo mwanafunzi wa chuo kikuu: kutatua milinganyo, kutafuta vigawo tasa vya namba kubwa, kuchora grafu, kukokotoa kalkulasi na kuchunguza makundi ya aljebra. Mwongozo wake wa kujifunzia ulikua pamoja na programu yenyewe. Umeandikwa, ukaandikwa upya na kutafsiriwa na watu wengi, wengi wao wakiwa walimu na watafiti wa hisabati ambao uandishi wa miongozo haukuwa kazi waliyoajiriwa kuifanya.

Haja ya mwongozo wa namna hiyo ilianza zamani. Mwaka 1968 chuo cha MIT kilianza kutengeneza Macsyma, mojawapo ya programu za kwanza kubwa zilizoweza kushughulika na herufi na milinganyo badala ya namba tupu. Miaka ya 1980 zikaja Maple kutoka Kanada, Matlab na Mathematica kutoka Marekani, na baadaye Magma kutoka Sydney. Zote zilikuwa hodari, lakini zilihitaji leseni ya kulipia, na kwa sehemu kubwa mtumiaji hakuruhusiwa kuona jinsi zinavyofikia majibu yake. Joachim Neubüser, aliyeanzisha programu ya GAP mjini Aachen, Ujerumani, mwaka 1986, aliipinga hali hiyo waziwazi. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu anaweza kusoma uthibitisho wa nadharia kitabuni na kuutumia maisha yake yote bila kumlipa yeyote, kwa hiyo hakuna sababu ya hesabu ya kompyuta, ambayo nayo hutumika kama sehemu ya uthibitisho, kufungiwa ndani ya kasha lisilofunguliwa. Hoja hiyo ni nzito hadi leo, maana hisabati ambayo msomaji hawezi kuikagua haina haki ya kuitwa uthibitisho.

Macsyma yenyewe iliokolewa na mtu mmoja. William Schelter wa Chuo Kikuu cha Texas aliitunza nakala iliyokuwa mikononi mwa Wizara ya Nishati ya Marekani tangu mwaka 1982, na mwaka 1998 akapata ruhusa ya kuitoa chini ya leseni huria ya GPL. Ndiyo Maxima ya leo. Schelter alifariki mwaka 2001, na kazi ikachukuliwa na kikundi cha watu wa kujitolea, ambao baadaye walipata pia mwongozo rasmi uliotafsiriwa kwa Kihispania, Kireno na Kijerumani.

Kutafsiri huko kuliwezekana kwa sababu ya leseni. Watu wa mradi wa programu huria wa GNU, ulioanzishwa na Richard Stallman mwaka 1983, walishikilia tangu mapema kwamba programu huria inahitaji mwongozo ulio huria vilevile. Programu inapobadilishwa, mwongozo usioruhusiwa kubadilishwa hugeuka kuwa maelezo ya kitu ambacho hakipo tena. Mwaka 2000 ikatoka leseni maalumu ya maandishi, GFDL, na baadaye zikaja leseni za Creative Commons. Mwongozo wa Sage uko chini ya mojawapo ya hizo: yeyote anaruhusiwa kuunakili, kuurekebisha, kuutafsiri na hata kuuza nakala zake, mradi awataje waandishi na aiache kazi yake mpya chini ya masharti yaleyale. Mtafsiri haombi ruhusa kwa mchapishaji, wala hangoji mkataba.

Alipoitengeneza Sage, Stein hakuandika kila kitu upya. Alizikusanya programu huria zilizokuwepo, kama PARI ya Bordeaux kwa nadharia ya namba, GAP kwa makundi, Maxima kwa kalkulasi na Singular kwa polinomia, akaziunganisha kwa lugha ya kompyuta iitwayo Python. Kila moja ilikuwa na amri zake, desturi zake na mwongozo wake. Mtafiti aliyehitaji tatu kwa kazi moja alilazimika kujifunza lugha tatu. Kwa hiyo mwongozo wa Sage ulibeba mzigo mkubwa kuliko kawaida: ulitakiwa kumwonyesha msomaji mlango mmoja wa kuingilia katika nyumba iliyojengwa na mafundi wengi wasiojuana. Stein aliuandika akishirikiana na wengine, hasa David Joyner, aliyekuwa profesa katika chuo cha jeshi la majini la Marekani. Utangulizi wake unamwahidi msomaji kwamba ataumaliza wote kwa saa tatu hadi nne.

Kurasa zake za mwanzo ni mfano mzuri wa uandishi wa aina hii. Msomaji anaanza na 2 + 2. Mara anaombwa kutafuta vigawo vya -2007, na programu inamjibu kwamba ni -1 mara 3 kwa kipeo cha pili mara 223. Kisha zinakuja hesabu ambazo mwanafunzi wa sekondari anazijua, lakini zenye mtego ndani yake. Anapoandika 10/4, Sage inajibu 5/2, sehemu kamili isiyopoteza chochote. Python ya wakati ule ingejibu 2, ikitupa baki. Python ya sasa inajibu 2.5. Akitaka sehemu nzima tu ya jibu anaandika 10//4, na akitaka baki anatumia alama ya asilimia. Halafu kuna alama ya ^. Katika Python alama hiyo haihusiani na kipeo hata kidogo, na 2^3 huleta 1, kwa kuwa inalinganisha tarakimu za namba hizo katika mfumo wa kizio cha pili. Sage hulisoma andiko la mtumiaji kabla ya kulipeleka kwa Python na kuligeuza, ili 2^3 ilete 8 kama mwanahisabati anavyotarajia. Mwongozo unalieleza jambo hili mapema, tena kwa maneno machache. Huo ni uamuzi wa busara, kwa kuwa mtu anayeuruka mstari huo atakuja kushangaa siku atakapoandika programu yake katika Python tupu.

Kurasa hizo za mwanzo zilikuwa pia na kasoro. Mistari michache baada ya 2 + 2, msomaji anakutanishwa na mipindo ya eliptiki, somo ambalo wengi hawalioni kabla ya shahada ya uzamili. Waandishi walikuwa wataalamu wa nadharia ya namba na waliandika kile kilichowafurahisha. Mwalimu wa sekondari aliyefungua ukurasa ule angeweza kudhani kwamba programu hii haikutengenezwa kwa ajili yake.

Jambo lililoupa mwongozo huu uimara wake ni majaribio. Kila mfano huanza na neno sage: likifuatiwa na amri, na chini yake jibu. Muundo huo si pambo. Kuna programu inayopita katika maandishi yote, inachukua kila amri, inaitekeleza na kulinganisha jibu linalotoka na jibu lililoandikwa. Yakitofautiana, toleo jipya halitolewi mpaka sababu ijulikane. Fikra hiyo ilitoka kwa watu wa Python, lakini Sage iliifanya sheria: mtu anayechangia kipengele kipya lazima aandike mfano wake, na mfano huo hujaribiwa milele. Namba za desimali zilileta taabu, kwa kuwa kompyuta mbili zinaweza kutofautiana katika tarakimu ya mwisho. Pakawekwa alama maalumu za kuruhusu tofauti ndogo. Mifano inayotoa matokeo ya bahati nasibu nayo ina alama yake. Vitabu vingi vya kompyuta huzeeka kimyakimya, na msomaji ndiye anayegundua kwamba mfano haufanyi kazi tena. Hapa mashine hugundua kwanza.

Mwanzoni maandishi yote yalikuwa katika LaTeX, mfumo wa kupanga chapa uliojengwa juu ya TeX ya Donald Knuth na ambao wanahisabati wanaujua kama kalamu yao. Mwaka 2009 mradi ulihamia Sphinx, chombo kilichotengenezwa kwa ajili ya maandishi ya Python, ambacho kutokana na faili moja ya kawaida hutoa kurasa za intaneti na pia kitabu cha PDF. Mabadiliko haya yaliwarahisishia sana watafsiri. Faili za Sphinx zinasomeka hata bila kuchakatwa: aya ni aya, mfano ni mfano, na mtu asiyejua LaTeX vizuri anaweza kufungua ukurasa, kutafsiri sentensi na kuacha amri zilivyo.

Tafsiri zilifuata. Mwongozo kamili ulipatikana kwa Kifaransa, Kijerumani, Kireno, Kirusi na Kijapani, na lugha nyingine, kama Kituruki, zikapata maandishi mafupi ya utangulizi. Kazi yenyewe ina sheria zisizoandikwa. Amri hazitafsiriwi: mwanafunzi wa Tokyo anaandika factor na solve kama mwenzake wa Seattle, kwa hiyo maelezo yanayozizunguka ndiyo yanayobeba uzito wote. Mfaransa huandika 3,4 pale Mwingereza anapoandika 3.4, lakini Python ikiona mkato inadhani imepewa namba mbili. Mtafsiri analazimika kuacha nukta katika mifano hata kama aya inayofuata inaandika namba kwa desturi ya Kifaransa. Herufi za Kirusi na Kijapani zilitaka fonti na zana za ziada ili kitabu cha PDF kitoke vizuri, kwa sababu TeX ilizaliwa ikiwa na herufi za Kilatini akilini. Na kwa kuwa mifano iliyo ndani ya tafsiri nayo hujaribiwa, kosa la mtafsiri aliyefuta mabano bila kukusudia hujulikana siku ileile.

Majaribio hayo, hata hivyo, hayakagui sentensi. Kila lugha ilikuwa na nakala yake ya faili, na aya mpya ilipoongezwa kwa Kiingereza hakuna kilichomlazimisha mtu kuiongeza kwa Kireno. Mtafsiri akihitimu, akipata kazi au akichoka, lugha yake inabaki nyuma. Huu ndio udhaifu mkubwa wa kazi ya kujitolea, na hakuna chombo kilichoumaliza.

Wafaransa walichukua njia nyingine iliyozaa matunda zaidi. Badala ya kutafsiri tu, waandishi 11, akiwemo mtafiti Paul Zimmermann, waliandika kitabu kizima kwa lugha yao, kilichochapishwa mwaka 2013 kwa jina Calcul mathématique avec Sage, na kukiacha kipatikane bure. Kinaanza na aljebra na kalkulasi za kawaida kabla ya kupanda juu, na hivyo kinaijaza nafasi ambayo mwongozo wa kwanza uliiacha wazi. Mifano yake iliingizwa katika majaribio ya Sage yenyewe, ili toleo jipya lisije likakivunja kitabu bila watengenezaji kujua. Kikatafsiriwa kwa Kijerumani, kisha kwa Kiingereza, toleo lililochapishwa na jumuiya ya hisabati ya SIAM mwaka 2018. Maarifa yaliyokuwa yakitoka Kiingereza kwenda lugha nyingine yalirudi kwa njia ileile.

Mtihani mkubwa ulikuja Python 2 ilipofikia mwisho wake. Sage 9.0, iliyotoka Januari 2020, ilihamia Python 3, ambamo amri ya print inadai mabano. Mifano ililazimika kusahihishwa katika lugha zote, hata zile ambazo watafsiri wake walikuwa wameondoka. Kwa kuwa majaribio yalionyesha kila mstari ulioharibika, mtu asiyejua Kijapani aliweza kurekebisha mfano katika ukurasa wa Kijapani bila kugusa maelezo.

Kiswahili hakimo katika orodha ya lugha za mwongozo huu, ingawa wazungumzaji wake si wageni kwa programu za namna hii. AIMS, taasisi ya sayansi za hisabati iliyoanzia Muizenberg, Afrika Kusini, mwaka 2003, imekuwa ikifundisha kwa programu huria, Sage ikiwemo, na ilifungua vituo Tanzania mwaka 2014 na Rwanda mwaka 2016. Masomo yake huko yamekuwa yakitolewa kwa Kiingereza. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kikishirikiana na wataalamu kutoka Sweden, kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Kazi hiyo ilithibitisha kwamba menyu na vitufe vinaweza kuzungumza Kiswahili, lakini vipande vya maneno mawili matatu ni tofauti na aya inayofafanua kwa nini 10/4 ni 5/2.

Mtu akitaka kuutafsiri mwongozo wa Sage kwa Kiswahili, kwa sura za mwanzo msamiati upo tayari. Shule za msingi za Tanzania zinafundisha kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na mtoto wa darasa la saba anajua kigawo, namba tasa, kipeuo cha pili, sehemu, baki na mlinganyo. Ugumu unaanza sekondari, ambako lugha ya kufundishia hugeuka kuwa Kiingereza. Sura za makundi na mipindo ya eliptiki zinahitaji istilahi ambazo vitabu vya darasani havijawahi kuzitumia kwa Kiswahili, ilhali Wafaransa, Warusi na Wajapani walizikuta tayari katika vyuo vikuu vinavyofundisha hisabati kwa lugha zao.