Bendera Iliyokataa Kushuka

Kuanzia 1896 hadi 1912, msafiri aliyeingia bandari ya Unguja alilakiwa na milingoti mitatu iliyochomoza majini, mkabala na jumba la Sultani, bila meli ya kuonekana chini yake. Imo katika picha nyingi za zamani za mji. Mashua zinaipita kando, majahazi yanatia nanga nyuma yake, na yenyewe imesimama tu kama minazi iliyokufa.

Ilikuwa milingoti ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa asubuhi ya Alhamisi, Agosti 27, 1896. Kila anayetembeza wageni Mji Mkongwe anakijua kisa hicho, maana ndicho kisa cha vita vifupi kuliko vyote duniani. Dakika 38, husema mmoja. Arobaini na tano, husema mwingine. Wageni hucheka, hupiga picha, huenda zao kunywa maji ya miwa Forodhani. Mimi kinachonishika si dakika. Ni kitambaa chekundu kilichokuwa juu ya paa.

Agosti 25, Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki ghafla. Kabla Waingereza hawajajipanga, Khalid bin Barghash alikuwa amekwisha kuingia jumbani na watu wake, mizinga ikalia kumtangaza. Kwa msiba wa Hamad bendera zote za mjini na bandarini zilishushwa nusu mlingoti, hata zile za manowari za Kiingereza. Moja tu haikushuka: bendera kubwa nyekundu ya jumba la Khalid. Wengine waliiona ni kukosa adabu kwa marehemu. Nadhani Khalid alikuwa na hesabu nyingine. Kuishusha hata nusu ni kukiri kwamba kiti ki wazi, na kiti kikiwa wazi, Mwingereza ndiye angechagua wa kukikalia.

Ndiyo maana amri aliyopelekewa ilianza na bendera: aishushe na atoke jumbani kabla ya saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Asubuhi ile Khalid alijibu kwamba hana nia ya kuishusha, na haamini kama watampiga. Basil Cave, aliyeshika ubalozi mdogo wa Uingereza, akajibu kwamba hawapendi kupiga, lakini asipotii watapiga. Saa tatu na dakika mbili wakapiga. Jumba lilikuwa na mbao nyingi na watu wengi ndani. Upande wa Khalid waliouawa na kujeruhiwa walikuwa kama 500. Upande wa Admirali Harry Rawson alijeruhiwa baharia mmoja.

Glasgow ilijibu kwa mizinga yake midogo, ikielekeza kwa St George, meli ya Admirali mwenyewe. Glasgow haikuwa meli ya vita hasa. Sayyid Barghash, Sultani wa wakati huo, aliiagiza Uskoti baada ya kimbunga cha 1872 kuangamiza meli zake, akataka ifanane na manowari ya Kiingereza yenye jina hilo hilo. Ilipoanza kuzama, mabaharia wake walitweka bendera ya Uingereza kuonyesha kwamba wamesalimu amri, na mashua za adui zikaja kuwaokoa. Basi meli iliyoigwa kwa Mwingereza na kupewa jina la meli ya Mwingereza ikaenda chini ikipeperusha bendera ya Mwingereza. Huko jumbani mzinga uliikata ile bendera nyekundu, ikaanguka, na mizinga ikanyamaza.

Khalid alikimbilia ubalozi wa Ujerumani, chini ya kivuli cha bendera nyingine. Waingereza wakamvizia mlangoni wiki kadhaa, maana akikanyaga tu ardhi ya Unguja wangemkamata. Oktoba 2 maji yalijaa, mashua ya manowari Seeadler ikasogea mpaka kwenye lango la bustani ya ubalozi, Khalid akatoka langoni akaingia mashuani bila kugusa mchanga. Akapelekwa Dar es Salaam. Waingereza walimpata 1916, wakamhamishia visiwani mbali, na mwishowe akarudi pwani hii na kufia Mombasa mwaka 1927. Ningekuwa mtengeneza filamu, ningeanzia kwenye lile lango.

Bendera yenyewe haikuwa na maandishi wala nyota. Nyekundu tupu, iliyotoka Oman na ukoo wa Busaidi. Aprili 1840 iliingia New York juu ya mlingoti wa Sultana, meli ya Sayyid Said iliyoongozwa na Ahmad bin Na'aman, ikiwa na zawadi za Rais wa Marekani, farasi wawili wa Kiarabu miongoni mwazo. Tunaiita bendera kwa neno tulilochukua kwa Mreno, na meli zilizokuja kuipiga tunaziita manowari kwa neno tulilolipata kwa Mwingereza. Kila aliyetujia na mzinga alituachia neno.

Wenyeji wa pwani waliijua mapema nguvu ya kitambaa. Mombasa, Wamazrui waliotawala mji walipoona Sayyid Said anawakaribia, walishona wenyewe bendera ya Kiingereza wakaitweka juu ya Ngome ya Yesu. Nahodha Mwingereza William Owen alipofika Februari 1824 aliikuta inapepea, na hakuna Mwingereza aliyeituma. Aliwapa ulinzi waliouomba. Wakubwa wake wakaukataa, na 1826 ukaisha.

Lakini kisa kizito kuliko vyote hivi ni cha bendera ya Ufaransa, na ili kukielewa inabidi kwanza kuelewa kazi ya bendera baharini. Nchi kavu bendera ni pambo na heshima. Baharini ni hati. Inasema chombo hiki kiko chini ya sheria ya nani, na kwa hiyo nani ana haki ya kukisimamisha, kupanda na kufungua ngama. Katika vita, desturi ya zamani iliruhusu hata kumsogelea adui kwa bendera ya uongo, mradi kabla ya kufyatua mzinga wa kwanza utweke ya kwako. Sinema imeupenda mchezo huo tangu ilipozaliwa: bendera moja inateremka, nyingine inapanda, muziki unabadilika.

Sasa rudi Unguja. Juni 5, 1873, Sayyid Barghash alitia saini mkataba wa kupiga marufuku kusafirisha watumwa kwa bahari, na soko la watumwa mjini likafungwa. Mwaka uliofuata Waingereza wakatia nanga bandarini London, manowari kuukuu ya mbao, iwe makao ya mashua za doria. Mikataba na Sultani iliwapa haki ya kulisimamisha jahazi lenye bendera nyekundu na kulipekua. Ufaransa ilikataa katakata vyombo vyake vipekuliwe na Mwingereza. Manahodha walizielewa sheria hizi vizuri kuliko mawakili. Wasuri, mabaharia wa Sur ya Oman waliokuja na kaskazi kila mwaka, na wengine wa pwani hii, wakajipatia karatasi za Kifaransa, wakatweka rangi tatu tezini, na doria ikabaki kutazama. Si wote waliokuwa na watumwa ngamani. Wengine walichoka tu kusumbuliwa. Lakini watumwa walivushwa chini ya bendera ya taifa lililoimba uhuru na usawa, na hilo Wafaransa wa Paris hawakupenda kukumbushwa.

Desemba 3, 1881, karibu na Pemba, Kapteni Charles Brownrigg wa London alilikaribia jahazi lenye bendera ya Ufaransa kwa mashua yake ya mvuke. Kwa kuwa bendera ni ya Ufaransa, hakuwa na ruhusa ya kupekua. Alitaka kuona karatasi tu, na watu wake hawakujiweka tayari kwa vita. Jahazini walikuwamo watumwa, na watu wa nahodha wakafyatua bunduki kwa karibu. Brownrigg alipigana kwa kitako cha bunduki mpaka akaanguka. Alizikwa Chapwani, kisiwa kidogo mbele ya mji ambacho wengi hukiita Kisiwa cha Makaburi.

Mzozo wa bendera hiyo ulisafiri mpaka Uholanzi. Uingereza na Ufaransa ziliupeleka kwenye Mahakama ya Kudumu ya Usuluhishi, The Hague, na Agosti 8, 1905 ukatolewa uamuzi: baada ya Januari 2, 1892 Ufaransa haikuwa na haki ya kuwapa bendera yake raia wapya wa Sultani wa Muscat, isipokuwa waliothibitisha kwamba walikuwa chini ya ulinzi wake tangu kabla ya 1863. Majaji walikaa kujadili majahazi ya Sur kwa lugha ambayo hakuna nahodha wa Sur angeielewa. Kesi yenyewe hadi leo inasomwa katika vyuo vya sheria.

Bara mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Agosti 1888 kampuni ya Kijerumani ilipotweka bendera yake Pangani na Bagamoyo, ugomvi juu ya ipi ipepee, yake au nyekundu ya Sultani, uliwasha vita vya Abushiri. Aliyetafuta njia ya kukwepa ugomvi wa namna hiyo ni Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa. Mwaka 1887, hapa Unguja, alitia saini kuwa liwali wa Stanley Falls na kukubali kupeperusha huko bendera ya Kongo, buluu yenye nyota ya dhahabu. Nyumba yake ipo Shangani, na mlango wake wa kuchongwa bado unawavuta wapita njia.

Vita Vikuu vilipozuka, zamu ya kupigwa bandarini ikawa ya Mwingereza. Jumapili, Septemba 20, 1914, kabla ya jua kuchomoza, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea na kuikuta Pegasus imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Haikuweza kukimbia, wala mizinga yake haikufika mbali kama ya adui. Magazeti ya Uingereza yaliandika kwamba bendera yake ilidunguliwa mara mbili, na askari wakaishika kwa mikono. Waliokufa walipita 30, na baadhi yao wako Chapwani, jirani na Brownrigg. Königsberg ilijificha Rufiji, ikaangamizwa humo Julai 1915.

Hapo ndipo sinema ilipoingia, na ilipoingia ilikuja na ramani yake. Kisa cha Rufiji kilimpa Wilbur Smith riwaya, na riwaya ikawa filamu ya Shout at the Devil mwaka 1976, ya Roger Moore na Lee Marvin. Meli ikaitwa Blücher, na picha zikapigwa Afrika Kusini na Malta. Ukiitazama ukitafuta Shangani, utatafuta sana. Kabla yake kulikuwa na Road to Zanzibar ya 1941, iliyopigwa Hollywood. Bob Hope na Bing Crosby hawakuhitaji hata chanjo. The African Queen ya 1951 angalau ilikuja Uganda na Kongo. Mbegu yake ilikuwa vita vya Ziwa Tanganyika, na meli ya Kijerumani ya vita vile, Götzen, ndiyo Liemba yetu, iliyopeperusha bendera ya Kaizari, ya Mwingereza, ya Tanganyika na ya Tanzania, wakati ile ya kwenye filamu ilizama mara moja tu. Tulisubiri mpaka 2021 Amil Shivji alipopiga Vuta N'Kuvute, kutoka riwaya ya Adam Shafi, ndani ya vichochoro vyenyewe, ndipo Unguja ya miaka ya 1950 ikaonekana kwenye pazia ikiwa Unguja kweli.

Enzi hiyo bendera nyekundu bado ilikuwapo, hata juu ya Ngome ya Yesu Mombasa, kwa kuwa ukanda wa pwani ya Kenya ulihesabiwa mali ya Sultani mpaka 1963. Desemba 10 mwaka huo Unguja na Pemba zikapata uhuru, na katikati ya wekundu likawekwa duara la kijani lenye karafuu mbili za dhahabu. Siku sita baadaye Zanzibar ikaingia Umoja wa Mataifa, na wekundu ukarudi New York baada ya miaka 123. Bendera ile iliishi siku 33. Januari 12, 1964, Mapinduzi yakaiangusha, Sultani Jamshid akaondoka kwa meli yake ya Seyyid Khalifa, na mwezi haujaisha ikapanda buluu, nyeusi na kijani, rangi za chama cha Afro-Shirazi (ASP). Aprili Muungano, Juni bendera ya Tanzania. Rangi za Mapinduzi zilirudi rasmi Januari 2005 kama bendera ya Zanzibar, zikiwa na bendera ya Muungano pembeni juu.

Na ule mchezo wa Wasuri haukufa. Mwaka 2012 ilibainika kwamba meli 36 za mafuta za Iran, nchi iliyokuwa chini ya vikwazo, zilikuwa zimesajiliwa kwa bendera ya Tanzania kupitia wakala wa Dubai wa Mamlaka ya Usafiri Baharini ya Zanzibar. Zikafutwa. Januari 2018 serikali ilitangaza kuzifuta nyingine mbili, moja iliyokamatwa na dawa za kulevya na nyingine na vifaa vya milipuko. Zamani nahodha wetu aliazima bendera ya mgeni ili asipekuliwe. Siku hizi mgeni huazima yetu, kwa sababu ile ile.

Meli ya safari za kimataifa ikisajiliwa Zanzibar leo, inayopepea tezini mwake ni bendera ya Muungano. Ile ya 2005 haina meli hata moja katika bahari kuu.