Swali na Jibu katika Shule za Masasi na Newala

Katika mwaka 1876 Askofu Edward Steere alitoka Lindi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, akikusudia kufika Ziwa Nyasa. Safari ikakomea Masasi, penye majabali, na hapo kikaanzishwa kijiji cha misheni. Watu wale walikuwa wa makabila mbalimbali. Kilichowaunganisha ni Kiswahili walichojifunza Unguja. Lakini wenyeji waliowazunguka walisema Kiyao, Kimakua na Kimakonde, na watoto wao walipoingia darasani Kiswahili kilikuwa kwao lugha ya ugenini. Chauncy Maples aliliona jambo hili mapema: mwaka 1879 kilichapishwa kitabu chake juu ya lugha ya Kimakua. Wangoni walipoivamia Masasi mwaka 1882, kazi ikahamia kwa Matola, huko Newala, ukingoni mwa uwanda wa juu wa Makonde, nako lugha zilikuwa zile zile.

Mafundisho ya dini yalikwenda kwa katekisimo. Mwalimu aliuliza, wanafunzi wakajibu kwa pamoja, na jibu lilikwisha andikwa kabla ya swali kutamkwa. Njia hii haikuwa mbaya kwa kukariri, na wengi waliipatia Kiswahili fasaha. Hata hivyo ilimpa mtoto nusu ya lugha tu: alijua kujibu kwa Kiswahili, wala hakupewa nafasi ya kuuliza kwacho.

Mtaalamu Mjerumani Karl Weule, alipokaa Newala mwaka 1906, aliwahoji wazee kwa msaada wa wakalimani. Hakuna aliyewadhania wazee wale kuwa wajinga kwa sababu neno lao lilikawia kumfikia mgeni. Ajabu ni kwamba mtoto anyamazapo darasani hapewi heshima hiyo, huandikwa mzito.

Nyumbani mambo ni mengine. Katika vitendawili mtoto mdogo aweza kumtegea mkubwa, na mkubwa akishindwa hutoa mji. Huko haki ya kuuliza ni ya kila mtu, na asiyejua haoni haya.

Tangu 1967 Kiswahili kimekuwa lugha ya kufundishia katika shule za msingi za serikali kwa jumla. Katika sekondari kikawekwa Kiingereza, na ukimya wa zamani ukarudi kwa vazi jipya. Mwanafunzi wa Newala sasa hufikiri kwa Kimakonde, hupima kwa Kiswahili, kisha hutakiwa kunena kwa Kiingereza, na wakati huo mwalimu amekwisha mtaja mwingine. Mwanafunzi huyo hakukosa jibu, alikosa muda.

Palipo na mwalimu mwenye subira, darasa hugawanywa katika vikundi vya wanafunzi wanne au watano. Kwanza hushauriana kwa lugha yoyote waipendayo, hata kwa kuchanganya. Kisha hutafuta pamoja maneno ya kulisemea shauri lao katika lugha ya darasa, na mmoja hulitamka kwa niaba ya wenzake. Mwalimu akimaliza kulisikiliza, kikundi hicho humtegea swali moja, naye akishindwa hutoa mji.