Meza za Kasindi

Kabla ya Kasindi, kituo chetu cha mpakani na Uganda, kuwa na bariere, ilikuwa njia ya chumvi. Babu zetu Wanande walishuka kutoka milimani na mizigo ya chakula, wakavuka mto Semliki, wakafika ziwa la Katwe, ambalo leo liko Uganda, wakarudi na chumvi kichwani. Aliyelishika ziwa ndiye aliyetoza. Kwa muda walikuwa watu wa Kabalega, mfalme wa Bunyoro. Msafiri Stanley alipita hapo mwaka 1889, na miaka miwili baadaye Lugard akajenga ngome karibu na ziwa kwa niaba ya Waingereza. Naanzia huko kwa sababu vijana wengi wa Butembo wanadhani kulipia njia kuliletwa na Mobutu, au na vita. Kulipia njia ni jambo la kale. Kilichobadilika ni nani analipwa, unalipa mara ngapi, na kama unapewa karatasi.

Mpaka wenyewe ni wa juzi. Mwaka 1910 Waingereza, Wabelgiji na Wajerumani walikaa Brussels wakagawana nchi za maziwa na milima, na upande wetu mstari ukaja kufuata mto Lubiriha, mto mdogo ambao wakati wa kiangazi watu huuvuka kwa miguu. Wanande wakabaki huku, Wakonzo wakabaki kule: watu wa lugha moja, wanaooana na kuzikana mpaka leo. Kwa Mbelgiji, hata kutoka wilaya moja kwenda nyingine ndani ya Kongo kulihitaji karatasi yenye mhuri. Somo likaingia mapema: njia ina mwenyewe, na mwenyewe yuko nyuma ya meza.

Nilifundisha historia sekondari hapa Butembo kabla ya kuwa deklaranti, kazi ya kuwajazia wafanyabiashara karatasi za forodha. Wanafunzi wangu wa zamani wakinikuta Kasindi hucheka na kusema mwalimu amehamia kwenye somo lenyewe. Hawajakosea sana.

Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza kwamba maduka na mashamba ya wageni yatakuwa mali ya Wazairwa, kama Wakongo walivyoitwa wakati ule. Mahali pengi biashara hizo zilikufa mikononi mwa wakubwa wa chama. Butembo ilikuwa mbali na Kinshasa, na wafanyabiashara wa Kinande walikuwa wamekwisha kujifunza kuuza na kununua bila kuitegemea serikali. Kisha, mwaka 1975, baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazil, na miaka miwili iliyofuata bei ya kahawa duniani ikapanda kupita kiasi. Mkulima wa Beni aliyeuza kwa njia ya serikali alilipwa kwa zaire, pesa iliyokuwa ikipungua thamani kila mwezi. Aliyeivusha kahawa usiku kwenda Uganda, ambako magendo ya enzi ya Idi Amin yalikuwa yamepamba moto, alirudi na vipuri, vitambaa na sabuni. Vwakyanakazi Mukohya, aliyeandika tasnifu yake ya mwaka 1982 juu ya wafanyabiashara wa Butembo, alieleza jinsi mji huu ulivyojijenga kwa biashara hiyo.

Kahawa haikuvuka peke yake. Kila gunia lilikuwa na mtu wa kulifumbia macho, na kila jicho lilikuwa na bei. Mwaka 1976 Mobutu mwenyewe, akihutubia uwanjani Kinshasa, aliwaambia watumishi wake kwamba anayeiba aibe kidogo na kwa akili. Rais akisema hivyo, askari wa mpakani asiye na mshahara wa kutosha atasubiri ruhusa gani nyingine? Halafu ikaja Krismasi ya mwaka 1979. Noti za zaire tano na kumi zilifutwa ghafla, watu wakapewa siku chache tu za kuzibadilisha, na vijijini wengi hawakufika benki kwa wakati. Nawakumbuka wazee walioweka noti hizo chini ya godoro, zikabaki karatasi tu. Tangu hapo mtu wa Butembo huweka akiba yake katika dola, katika bati, katika nyumba. Na aliyeibiwa na serikali kwa tangazo la redio haoni dhambi kubwa kumkwepa ofisa wake kwenye bariere.

Ofisi ya forodha ya enzi hizo, OFIDA, iliundwa mwaka huohuo wa 1979. Ilikuwa na sheria, fomu na mihuri. Mshahara wa kuishi nao ndio uliokosekana. Mapema mwaka 1993 serikali ilitoa noti ya zaire milioni tano, wafanyabiashara wa Kinshasa wakaikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakapora mji. Sisi walimu hatukupora, ila tulikaa miezi mingi bila kulipwa, mpaka wazazi wakaanza kutuchangia ili shule zisifungwe. Mzazi alimlipa mwalimu, mgonjwa alimlipa nesi, mpita njia alimlipa ofisa. Nchi nzima iliendeshwa hivyo. Tofauti ni kwamba mchango wa wazazi ulipangwa kikaoni, kila mmoja akajua kiasi. Wa mpakani kila mtu aliupanga kivyake.

Nilipoanza kukaa Kasindi niliona jinsi mchango huo wa mpakani unavyopangwa. Mama mmoja ametoka soko la Mpondwe, upande wa Uganda, na katoni ya sabuni na chumvi kidogo. Meza ya kwanza wanataka kuona karatasi ya kuvukia. Karatasi ipo, imepigwa mhuri, lakini hairudishwi.

"Mama, unatuacha namna gani?"

"Shefu, sijauza bado."

"Basi acha sabuni moja, watoto waoge."

Meza ya pili inauliza kadi ya chanjo. Ya tatu inataka kujua kama sabuni imekaguliwa ubora. Ya nne ni ushuru wenyewe, ule wa halali. Kwenye ya tano kuna mtu asiye na sare wala jina la ofisi, anaandika tu kwenye daftari la shule, na hakuna anayethubutu kumuuliza anaandika nini. Mbele kidogo kuna kamba iliyofungwa kwenye mapipa mawili na kijana mwenye bunduki anayetaka ya sigara. Katoni iliyotoka Mpondwe nzima inafika kwenye magari ikiwa na pengo, na faida ya yule mama ilikuwa kwenye zile sabuni za pengo. Hakuna aliyempiga wala kumtukana. Wote walimwita mama.

Hayo ni maombi. Ulaghai ni kitu kingine, nao una ufundi wake. Ofisi moja, ambayo siitaji, ilikuwa na kitabu cha risiti cha nakala mbili. Mwandishi alichomoa karatasi ya kaboni kabla ya kuandika. Risiti ya mteja ikasoma alichotoa kweli, na nakala ya kitabuni, iliyoandikwa baadaye, ikasoma theluthi yake. Mteja akaondoka ameridhika kwa sababu ana karatasi, na serikali ikapokea theluthi. Tulikuja kuutambua mchezo huo kwa kuangalia rangi ya wino: nakala ya kweli ina buluu iliyofifia ya kaboni, ya uongo inang'aa kalamu.

Kadi ya njano ya homa ya manjano nayo iliuzwa bila sindano. Mgeni aliyefika bila kadi alitishwa kwamba atachomwa palepale kwa sindano asiyoijua ilikotoka, kisha akapewa njia nyepesi: lipa, chukua kadi iliyojazwa, nenda. Darajani palikuwa na wabadilisha pesa wanaohesabu shilingi mbele yako, wakazikunja, na ndani ya mkunjo noti moja ikahesabiwa mara mbili. Dola yako ikiwa imechanika kidogo tu pembeni watakwambia haifai Kongo nzima, jambo ambalo karibu ni kweli, kisha wataipokea kwa bei ya kutupa. Na walikuwapo vijana waliojiita madeklaranti, wenye bahasha kwapani, waliochukua paspoti ya mgeni kwa upole wote, "lete nikusaidie, papa," kisha paspoti ikawa na bei ya kuikomboa.

Wakati wa vita ndipo lilipotokea jambo ambalo wanahistoria wa Butembo wanapaswa kulitazama vizuri. Baada ya mwaka 1998 Beni na Butembo ziliangukia chini ya waasi wa RCD-ML, waliokuja kuongozwa na Mbusa Nyamwisi, na mwanzoni jeshi la Uganda lilikuwa nyuma yao. Waasi walihitaji pesa taslimu, na wafanyabiashara wetu wakubwa walihitaji bidhaa zao zipite. Wakapatana: wakubwa watawakopesha waasi kwa kulipa ushuru mapema, na kwa malipo hayo mizigo yao itavuka Kasindi kwa kiwango cha chini kinachojulikana. Mtafiti Timothy Raeymaekers ameandika kwa kirefu juu ya mapatano hayo. Wengine huyasimulia kwa fahari, kwamba Butembo ilimfundisha adabu mwenye bunduki, na kuna ukweli ndani yake: katikati ya vita magorofa yalikuwa yakipanda hapa.

Lakini mimi nilikuwa Kasindi, na niliona lori likipita kwa karatasi moja huku mama wa sabuni akisimama meza zilezile. Rushwa ya mkubwa ilikuwa imegeuzwa mkataba. Ya mdogo ikabaki ombi. Mkubwa alijua bei kabla ya kuondoka Dubai. Mdogo aliijua akiwa tayari ameshikwa mkono.

Mgawanyiko huo haukuisha na vita. Amri Namba 036 ya tarehe 28 Machi 2002 inataja huduma nne tu zenye haki ya kufanya kazi mpakani: forodha, ukaguzi wa bidhaa, uhamiaji na afya. Serikali ya Kinshasa ilipoirudisha Kasindi mikononi mwake, amri hiyo ilirudi pamoja nayo, lakini meza zilizozidi nne hazikuondoka. OFIDA ikageuzwa DGDA, hesabu za mizigo mikubwa zikaingizwa kwenye kompyuta kwa programu ya Sydonia, na ushuru wake ukalipwa benki. Haya ni maendeleo ya kweli, siyabezi. Ila kompyuta haimwoni mtu mwenye katoni moja. Na ukishavuka, bariere hazijaisha: taasisi ya utafiti ya IPIS ilipohesabu vizuizi vya barabarani katika Kivu Kaskazini na Kusini, katika ripoti yake ya mwaka 2017, ilikuta karibu 800.

Gharama ya meza hizo tuliilipa kwa namna nyingine Ebola ilipotangazwa Mangina, karibu na Beni, tarehe 1 Agosti 2018. Kasindi iliwekewa ndoo za maji ya klorini na vipimajoto, na hapo hapakuwa na malipo. Lakini wadogo walikuwa na miaka mingi ya kujifunza njia za panya ili kuzikwepa meza, na aliyeikwepa meza ya ushuru aliikwepa na ndoo. Juni 2019 mtoto wa miaka mitano aliyetoka upande wetu alikutwa na ugonjwa huo Uganda, akafariki huko. Janga lilitangazwa kwisha Juni 2020, likiwa limeua zaidi ya watu 2,200. Ukimzoesha mtu kwamba njia halali ndiyo inayomnyang'anya, usishangae siku ukimhitaji kwenye njia halali asipokuwepo.

Leo mambo ya mpaka huu yamekuwa makubwa kuliko zamani. Mwaka 2021 marais Museveni wa Uganda na Tshisekedi wa Kongo walikutana hapa kuzindua ujenzi wa barabara ya Kasindi hadi Beni, kilomita 80, na ya Beni hadi Butembo, kilomita 54. Mwaka 2022 Kongo iliingia Jumuiya ya Afrika Mashariki, na mwaka huohuo waasi wa M23 wakaichukua Bunagana, kituo kingine cha mpakani na Uganda. Januari 2025 Goma nayo ikaanguka, na Beni ikageuka makao ya serikali ya mkoa. Mizigo ambayo zamani iligawana njia sasa inabanana Kasindi, na kila atakayeongeza meza hapo anajua kwamba hatuna pa kwenda kwingine.

Siamini kwamba maofisa wa Kasindi ni watu wabaya kuliko wengine; nimekula nao, na wana karo za kulipa kama mimi. Naamini kwamba ombi linaishi pale bei inapofichwa. Waliopata nafuu katika historia hii ni wale walioijua bei mapema na kuidai kwa pamoja. Hiyo haki wameipata wenye malori, na sioni sababu akina mama wa katoni moja waikose.

Kwa hiyo, wewe unayevuka: uliza malipo yanaitwaje, dai risiti, na soma kiasi kilichoandikwa kabla hujaondoka mezani. Nanyi mnaoongoza mkoa kutoka Beni: bandikeni darajani orodha ya ushuru na ile amri ya mwaka 2002, kwa Kiswahili na Kinande, maana Kifaransa cha kwenye fomu ndicho kinachomfanya mama atoe sabuni. Kisha walipeni mnaowaweka pale. Tukishaijua bei, kuwakumbusha ni kazi yetu.